Mzazi Anayejifunza Triathloni Nyumbani Kwake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu nimeulizwa na wazazi wenzangu, wengi wao kina mama, ufukweni Raskazone, kwenye lango la shule, na mara moja hata msibani. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tanga, na nilianza kushiriki triathloni kitinda mimba wangu alipofikisha miaka miwili. Sijawahi kupanda jukwaa la washindi, na ninayoyaeleza hapa ni ya mtu anayemaliza mbio akiwa katikati ya kundi na kisha kurudi nyumbani kuosha vyombo.

Triathloni ni mchezo gani hasa, na umbali wake ni upi?

Ni mchezo mmoja wenye sehemu tatu zinazofuatana bila mapumziko, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, na saa inaendelea kuhesabu hata pale unapovua miwani ya kuogelea na kutafuta viatu vyako. Umbali wa Olimpiki, ambao uliingia katika michezo hiyo Sydney mwaka 2000, ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za kukimbia. Mbio fupi ni nusu ya hapo, yaani mita 750, kilomita 20 na kilomita 5, na hizo ndizo ninazomshauri mzazi aanze nazo. Ironman, ambayo kila mtu huiulizia kwanza kana kwamba ndiyo triathloni pekee duniani, ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia.

Mchezo huu ulikuwa wa kifamilia tangu mwanzo kuliko watu wengi wanavyodhani. Tarehe 25 Septemba 1974, klabu ya riadha ya San Diego nchini Marekani iliandaa mbio za aina tatu katika eneo la Mission Bay, na miongoni mwa washiriki walikuwemo John na Judy Collins, ambao hawakuwaacha watoto wao wawili pembeni wakitazama bali wote wanne waliingia mbioni. Ni mume na mke hao hao walioanzisha Ironman huko Hawaii tarehe 18 Februari 1978, ambapo watu 15 walianza na 12 wakamaliza.

Je, maisha ya nyumbani yanaweza kweli kumfundisha mtu mchezo mgumu kama huu?

Yanaweza kumfundisha ustadi, lakini hayawezi kumpa pumzi. Hilo nalisema mapema kwa sababu nimewasikia watu wakidai kwamba mama anayebeba ndoo na mtoto mgongoni tayari ni mwanariadha, nao wanasema hivyo kwa nia ya kumtia moyo, ilhali ukweli ni kwamba moyo na mapafu hayapati nguvu ya kukimbia kilomita 10 kwa kupika na kufua. Mazoezi lazima yafanyike.

Ila triathloni ina jambo ambalo mbio za kawaida hazina: inakutaka upange vitu vingi, ubadilishe kazi ghafla bila kupoteza akili, ule na kunywa huku unaendelea, utazame mbali huku mikono inashughulika karibu, na uamue haraka pale mpango unapovurugika. Kijana asiye na familia hulazimika kwenda kujifunza mambo hayo upya. Mzazi huyafanya kila siku kabla ya saa mbili asubuhi, na kinachomkosesha faida ni kutotambua tu kwamba anayafanya.

Wanasema kubadilisha mchezo, kutoka majini hadi kwenye baiskeli na kutoka kwenye baiskeli hadi kukimbia, ni "mchezo wa nne". Nitaufanyia wapi mazoezi?

Asubuhi ya siku ya shule, nyumbani kwako, wakati gari la shule linapiga honi nje.

Eneo la kubadilishia ni uwanja wenye vyuma vya kutundikia baiskeli, ambako kila mshiriki hupewa nafasi ndogo isiyozidi upana wa taulo. Unafika hapo kutoka majini, macho yakiwa na chumvi na moyo ukienda mbio, na mikono yako inakuwa mizito na akili inakuwa nyepesi. Kwa miaka mingi nyumbani kwetu kila asubuhi ilikuwa na kiatu kimoja kilichopotea, mpaka nilipoanza kupanga nguo za watoto usiku kwa mfuatano wa kuvaliwa, ya kwanza juu na ya mwisho chini, na viatu vikiwa mlangoni vimetazama nje na soksi ndani yake. Kifungua mimba wangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la kwanza, alianza kujivalisha mwenyewe kwa sababu hakuhitaji kufikiri, kwa kuwa mkono ulikuwa unafuata tu kilichokuwa juu.

Nilipoingia mbio zangu za kwanza nilisahau kabisa somo hilo. Nilipanga vitu vyangu vizuri kama dukani, helmeti ikiwa chini ya taulo kwa sababu nilitaka taulo liwe tayari, na matokeo yake nikaitoa baiskeli kwenye chuma kabla ya kuvaa helmeti. Mwamuzi alinisimamisha papo hapo, na alikuwa na haki kabisa. Kanuni inasema helmeti iwe kichwani na mkanda wake umefungwa kabla hujaigusa baiskeli kuitoa, na usiufungue mkanda huo mpaka baiskeli irudi mahali pake. Tangu siku hiyo helmeti yangu hukaa juu ya usukani, imepinduliwa, mikanda ikining'inia nje, na miwani ya jua ndani yake, na siwezi kuifikia baiskeli bila kukutana nayo kwanza.

Jambo la pili ambalo watoto hukufundisha ni kwamba mtu mwenye haraka hawezi kupokea maagizo matatu kwa pamoja. Ukimwambia mtoto "vaa viatu, chukua begi, usisahau chupa," atasimama katikati ya sebule akikutazama. Mwambie kitu kimoja, akimaliza mwambie kingine. Nami nikitoka majini najisemea hivyo hivyo, tena kwa sauti: miwani, helmeti, baiskeli. Nikirudi na baiskeli: tundika, fungua, viatu. Jirani yangu kwenye chuma aliwahi kunitazama kwa mshangao, lakini mimi nilitangulia kutoka.

Na ujue njia zako ukiwa bado na akili timamu. Kabla ya mbio kuanza tembea kutoka mlango wa kutokea majini hadi kwenye baiskeli yako, kisha hadi kwenye mstari wa kupandia baiskeli, kwa maana huruhusiwi kupanda kabla ya mstari huo, na utafute alama isiyohama, kama mti au nguzo. Usitumie baiskeli nyekundu ya jirani kama alama, kwa sababu jirani ataondoka nayo.

Ni vitu gani vya nyumbani vinavyosaidia kweli katika mbio?

Poda ya mtoto. Nyunyiza ndani ya viatu vya kukimbilia usiku wa kuamkia mbio, na mguu wenye maji utaingia bila kukwama na bila kuchubuka. Mafuta ya mgando, yale yale unayompaka mtoto, hupakwa shingoni, makwapani na mapajani kabla ya kuingia baharini, kwa sababu chumvi na msuguano wa nguo huacha vidonda ambavyo utavigundua ukioga jioni. Kamba za viatu za lastiki, zile za viatu vya watoto ambao hawajajua kufunga, huokoa muda kuliko kifaa chochote cha bei kubwa nilichowahi kununua. Beseni dogo la maji linafaa pia pale waandaaji wanaporuhusu. Sisi wa pwani tumelelewa kusuuza mchanga miguuni kabla ya kuingia ndani, na ukipitisha miguu katika beseni kabla ya kuvaa viatu hutakimbia kilomita 5 ukisaga mchanga kati ya vidole. Ukikatazwa beseni, chupa ya maji inatosha.

Sijui kuogelea vizuri. Je, nikiwa na watoto ufukweni najifunza lolote?

Kwanza tafuta mwalimu, kwa sababu katika sehemu hii nyumbani hapakufikishi mbali. Kuzaliwa pwani si kujua kuogelea. Nimekutana na watu wa Tanga, Pangani na Bagamoyo ambao maji yakifika kifuani hurudi nyuma.

Ukishapata mwalimu, kuna mambo mawili ambayo watoto wangu walinipa bure. La kwanza ni pumzi. Nilikuwa nikishika pumzi majini kisha nikitoa kichwa nje ili kutoa hewa na kuvuta nyingine kwa wakati mmoja, jambo ambalo humchosha mtu katika mita 50 tu. Kitinda mimba wangu alipokuwa anaogopa maji nilimfundisha kupuliza mapovu ndani ya beseni, taratibu, mdomo na pua vikiwa chini, kisha ainue uso na avute hewa. Baada ya wiki mbili za mchezo huo nilitambua kwamba mwanafunzi halisi alikuwa mimi. Hewa hutolewa ndani ya maji, mfululizo, na kichwa kikigeuka nje kazi yake ni moja tu, kuvuta.

La pili ni kutazama. Katika bwawa kuna mstari chini wa kufuata, lakini baharini hakuna, na mtu asiyeinua macho huogelea upande upande na kuifanya mita 750 iwe 900. Mzazi aliyekaa ufukweni na watoto watatu hana haja ya kufundishwa hili: hata akiwa anamenya chungwa, macho huinuka kila baada ya sekunde chache, huhesabu vichwa, kisha hurudi kwenye chungwa. Ndivyo inavyotakiwa majini. Kila baada ya mikono sita hadi kumi inua macho tu, usiinue kichwa kizima, tazama boya au kitu kirefu kilicho nyuma yake ufukweni, kisha rudi chini na uvute hewa kwa upande kama kawaida.

Wanaofanya mazoezi huku kwetu wajue majira ya bahari kama bibi zetu walivyoyajua. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo pale ulipoogelea asubuhi panaweza kuwa tope na miamba yenye makali na viumbe vya miiba adhuhuri. Majira ya upepo wa kaskazi huwa na bahari tulivu zaidi kuliko ya upepo wa kusi. Usiogelee peke yako, na vaa kofia ya kuogelea ya rangi kali ili nahodha wa ngalawa akuone. Wala usihangaike kununua vazi la mpira la kuzuia baridi uliloliona kwenye picha za mbio za Ulaya, kwa sababu katika mashindano ya kawaida ya mbio fupi hukatazwa maji yakizidi nyuzijoto 22, na bahari yetu huwa juu ya hapo mwaka mzima.

Ninayo baiskeli ya kawaida tu. Inatosha?

Inatosha kwa mbio fupi, mradi breki zinashika, tairi hazijaisha na helmeti yako si ya kuazima yenye ufa. Tanga ni mji wa baiskeli na hakuna atakayekushangaa. Nilifanya msimu mzima wa mazoezi kwa baiskeli ya chuma niliyokuwa nikiendea sokoni, nikienda Amboni na kurudi alfajiri, na nilichojifunza ni kwamba uzito wa baiskeli unaumiza mlimani lakini woga wa kuachia mkono mmoja unaumiza njia nzima. Hapo tena uzazi ulinisaidia. Aliyelea mtoto anajua kufanya kila kitu kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine una mtoto. Kunywa kwenye baiskeli ni hivyo hivyo: mkono mmoja ubaki katikati ya usukani, mabega yalegee, macho yabaki barabarani, na chupa itafutwe kwa kupapasa, si kwa kutazama.

Jifunze kuziba pancha kwa baiskeli za watoto. Watoto hupata pancha kila wiki, na badala ya kumpelekea fundi kila mara, keti nao mtoe tairi, mtafute tundu kwa kuzamisha tyubu kwenye maji, na muangalie ndani ya tairi kama mwiba bado upo. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, wanabadilisha tyubu na kupata pancha ya pili baada ya mita mia. Siku ya mbio hutaziba, utaweka tyubu mpya, lakini vidole vitakuwa vimeshazoea.

Kanuni moja ya barabarani huwashangaza wageni wa mchezo huu. Katika mashindano mengi ya watu wa kawaida hairuhusiwi kujificha nyuma ya baiskeli ya mwenzako ili akukingie upepo. Huachwa nafasi ya mita 10 katika mbio fupi na mita 12 katika ndefu, na ukiingia ndani ya nafasi hiyo ni lazima umpite kwa sekunde chache zilizowekwa au upewe adhabu. Anayeendesha gari akiwa na watoto nyuma huacha nafasi bila kuambiwa, na fikira hiyo hiyo inatosha hapa.

Ninaanza kwa kasi kila mara na kuishiwa nguvu. Nifanye nini?

Tembea na mtoto wa miaka minne kwenda sokoni. Ataondoka nyumbani akikimbia, atakutangulia hadi kwenye mwembe, atarudi, atakimbia tena, na mkifika nusu ya njia atakaa chini na kutaka kubebwa. Mimi nilikuwa mtoto huyo katika mbio zangu tatu za kwanza. Dawa niliyompa yeye ndiyo niliyojipa mwenyewe: mwanzo tunatembea huku tunazungumza, na kama huwezi kumaliza sentensi basi unakwenda kasi mno.

Mfano mwingine ni wa jikoni, nao naupenda zaidi. Anayepika wali kwa mkaa anajua kwamba moto mkali wa mwanzoni haupunguzi muda wa kupika. Unaunguza chini huku juu kukiwa bado ni mbichi, na hakuna maji utakayoongeza yatakayourudisha wali huo. Makaa yakitulizwa, mengine yakipaliwa juu ya kifuniko, chakula huiva chote kwa pamoja. Kilomita 5 za kwanza za baiskeli ndizo moto wa mwanzoni. Kilomita ya mwisho ya baiskeli punguza mzigo wa gia na zungusha pedali kwa wepesi, kwa sababu ukishuka miguu itakuwa kama si yako, hatua zitakuwa fupi na nzito, na hali hiyo hudumu dakika kadhaa hata kwa mabingwa. Izoee kwa kukimbia dakika 10 tu mara baada ya kushuka kwenye baiskeli, mara moja kwa wiki. Mimi hufanya hivyo kwa kuegesha baiskeli uani na kwenda dukani kwa mguu kununua mkate, nikiwa bado na jasho.

Nile na kunywa nini, na lini?

Swali hili huulizwa na watu wanaolisha familia kila siku, na bado wanataka jibu kutoka kwenye pakiti iliyoagizwa ng'ambo. Mbio za chini ya saa moja na robo hazihitaji chakula kingine zaidi ya kifungua kinywa chepesi ulichokula saa mbili au tatu kabla. Zikizidi hapo, mwili hutaka gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Tende, machungwa ya Muheza na kashata hufanya kazi, ila kashata yenye nazi nyingi ina mafuta na huchelewa tumboni, kwa hiyo iache kwa baada ya mbio.

Kuhusu maji, mzazi aliyewahi kumwuguza mtoto mwenye kuhara anajua siri ambayo kampuni za vinywaji vya michezo huiuza ghali. Tunampa mtoto maji yenye chumvi na sukari kwa pamoja kwa sababu vitu hivyo viwili huingia kwenye ukuta wa utumbo vikisaidiana na kuyavuta maji pamoja navyo. Kinywaji cha mwanariadha kimejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Tofauti iko kwenye kipimo: dawa ya ORS, ndiyo hiyo ya mtoto anayehara, ina gramu 13.5 tu za glukosi kwa lita, kwani shabaha yake ni maji, ilhali kinywaji cha mbio ndefu huwa na gramu 60 hadi 80 za sukari kwa lita, kwani shabaha yake ni nguvu pia. Mimi huchanganya maji, juisi ya machungwa na chumvi kidogo, na kukijaribu mazoezini. Kamwe usijaribu kitu kipya siku ya mbio, na usinywe maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi, kwani kushuka kwa chumvi kwenye damu kumewalaza hospitali watu waliodhani wanajikinga na kiu.

Kina mama wanaoijua siri hiyo wangewafaa sana wale wa Ironman ya kwanza, Hawaii mwaka 1978. Wasaidizi wa John Dunbar, aliyemaliza wa pili, waliishiwa maji wakati wa kukimbia, nao wakampa bia.

Kisha kuna tumbo lenyewe, ambalo nalo hufundishwa. Kumwachisha mtoto ziwa hakufanyiki kwa siku moja. Unaanza na kijiko kimoja cha uji, unasubiri, unaongeza. Utumbo wa mkimbiaji huzoeshwa hivyo hivyo kula ukiwa katika mwendo, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Nimezoea kukesha na mtoto mchanga. Je, hilo linanikomaza?

Hapana. Kukosa usingizi hakumjengi mwanariadha, kunamvunja. Usiku ukiwa mbaya, asubuhi yake fanya zoezi jepesi au lala, na zoezi kali lihamishie siku nyingine. Mimi nilipuuza hili kwa miezi minne na nikaumia mguu.

Nirudi lini mazoezini baada ya kujifungua?

Baada ya kuzungumza na daktari au mkunga anayejua ulijifungua vipi, hasa kama ni kwa upasuaji. Miongozo iliyotolewa Uingereza mwaka 2019 na wataalamu wa fiziotherapia inashauri mama asirudi kukimbia kabla ya wiki 12, na hata hapo iwe kama havuji mkojo, hasikii uzito wala maumivu nyongani. Kutembea huanza mapema zaidi. Tusione aibu kuyataja mambo haya, kwani kuvuja mkojo wakati wa kukimbia ni jambo la kawaida lakini halipaswi kuvumiliwa kimya kimya, maana lina tiba ya mazoezi.

Wanaotaka mfano wanao. Nicola Spirig wa Uswisi alishinda dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012, akajifungua mwaka 2013, na mwaka 2016 Rio akapata fedha. Chelsea Sodaro wa Marekani alishinda ubingwa wa dunia wa Ironman huko Kona, Hawaii, Oktoba 2022, miezi 18 baada ya kujifungua. Hao ni watu wenye makocha na wataalamu kila upande, na wewe usijipimie ratiba kwa kalenda yao.

Naweza kukimbia na mtoto mgongoni kwa mbeleko?

Kutembea, ndiyo. Kukimbia, hapana, kwa sababu shingo ya mtoto hutikisika. Hata kigari maalumu cha kukimbilia hakifai kwa mtoto wa chini ya miezi sita hadi minane, ambaye bado hawezi kuishika shingo yake imara.

Ramadhani nafanyaje?

Punguza nguvu ya mazoezi, usipunguze mazoea. Zoezi jepesi la dakika 30 hadi 40 kabla ya kufuturu humalizikia kwenye tende na maji, na zoezi zito kidogo huwekwa baada ya tarawehe kwa mwenye nguvu. Kuogelea mchana ukiwa umefunga mimi siipendekezi, kwa hofu ya kumeza maji na kwa sababu ya jua. Ni mwezi ambao nyumba nzima hubadili saa zake, na mzazi anayeshindana na ratiba hiyo hugombana na kila mtu.

Saa ngapi kwa wiki zinatosha, na nizipate wapi?

Kwa mbio fupi, saa nne hadi sita. Mimi huogelea mara mbili, huendesha baiskeli mara mbili na kukimbia mara mbili, nyingi zikiwa saa kumi na moja alfajiri, na moja ya hizo ni safari ya kwenda kazini. Mazoezi yangu yote ya wiki huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa jiko, pamoja na zamu za mume wangu za kutazama mpira, na yeyote anayetaka kubadilisha hubadilishana. Kabla ya karatasi hiyo tulikuwa tukinung'unika. Mwenzi wako hakatai mchezo wako, anakataa kushtukizwa.

Mashindano ya kwanza yawe yapi?

Yaliyo karibu na mafupi, hata kama ni duathloni ya kukimbia, baiskeli na kukimbia tena, ambayo humwondolea hofu asiyejiamini majini. Nafasi ya timu ya watu watatu, ambapo kila mmoja hufanya sehemu moja, ni nzuri kwa ndugu au mume na mke. Mbio ndefu zipo pia katika ukanda wetu: Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, iliandaa Ironman ya nusu umbali Agosti 2022, yenye kilomita 1.9, 90 na 21.1. Ila ziwa hilo liko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na sisi tuliozoea hewa ya pwani hatupaswi kulidharau.

Kama unavaa mavazi ya stara, waandikie waandaaji wiki kadhaa kabla ukiwaeleza nguo utakayoivaa, na hakikisha si ya mpira.

Watoto wanaweza kunishika mkono na kumaliza nami mbio?

Uliza kwanza. Mashindano mengi, yakiwemo ya Ironman, yanakataza mtu asiye mshiriki kuingia kwenye njia ya kumalizia, na unaweza kufutiwa matokeo kwa jambo ulilodhani ni la upendo. Mimi huwaweka wangu mita 200 kabla ya mwisho, upande wa nje wa kamba, wakiwa na bibi yao na kanga ya manjano inayoonekana kwa mbali. Napita nikiwagusa viganja, naendelea. Kitinda mimba hunipigia kelele "helmeti!" hata pale ambapo nimeshaivua zamani na kuitundika.